Kuku wa Madam Wilkista

Nyumba ya Wilkista Nasimiyu pale Kanduyi, Bungoma, ilisikika kabla ya kuonekana. Ulifuata ua wa michongoma, ukapita kisima, na kabla hujaona lango la mabati ulikuwa umeshasikia kuku. Walikuwa wengi kupita mahitaji ya watu wawili ambao watoto wao walikwisha kutoka nyumbani, na hata mmoja hakununuliwa. Waliletwa wote na watu waliokuwa wameugua moyo.

Ngoja nieleze, kwa maana naona mtu ananitazama kwa jicho la shaka.

Wilkista alikuwa mwanasaikolojia wa tiba. Zamani alikuwa muuguzi, tena wa miaka mingi, na huko wodini aligundua kwamba kuna mgonjwa wa tumbo ambaye ukivuta kiti ukakaa karibu naye, tumbo linatulia bila dawa. Jambo hilo lilimsumbua. Akarudi chuo kikuu katika umri ambao wenzake walikuwa wanaomba likizo ya kwenda kuona wajukuu, akasoma akamaliza, akapewa chumba nyuma ya zahanati moja mjini Bungoma. Ndani palikuwa na viti viwili, meza ndogo na dirisha linalotazama mti wa jakaranda. Kiti cha mteja alikiweka kitazame dirisha, ili mtu aliyechoka aone kitu kizuri. Alikuwa mwangalifu kwa mambo kama hayo.

Sasa, watu wa upande ule hawana tabia ya kumwacha mtu aliyewasaidia abaki mikono mitupu. Ukisimamiwa harusi, ukiuguziwa mtoto, ukitolewa kwenye kesi, siku moja unapeleka kuku. Kwa hiyo mteja wa Wilkista, baada ya kukaa kwenye kile kiti majuma kadhaa, alikuja na jogoo kwapani, akashukuru sana, akaenda zake. Wilkista alimpokea yule jogoo kwa mikono miwili. Kwake yeye hiyo ilikuwa hati ya kupona.

Mumewe, Mzee Mukhisa, mstaafu wa ofisi ya ardhi, ndiye aliyejenga banda. Wilkista hakumtajia hata siku moja jina la mteja wala ugonjwa wake, maana ni mwiko katika kazi yao. Alichosema ni mahali tu kuku alikotoka. Basi mzee akawapa kuku majina ya mahali, kama mtu aliyezoea ramani.

"Sirisia Mdogo ametaga," angesema wakati wa chai. "Na Naitiri amempiga Chwele tena. Sijui wana ugomvi gani wa mpaka."

Jumatatu na Jumanne Wilkista aliona wateja Bungoma. Siku nyingine alikuwa Kitale, akifundisha vijana kazi hiyohiyo. Tawi la chuo kikuu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na wanafunzi walijifunza habari za huzuni na wasiwasi huku wakinusa dawa ya kupe. Idara yao ilikuwa na walimu watatu: mkuu wa idara Daktari Emmy Mukhwana, Daktari Kibiwott, na Wilkista mwenyewe, aliyeitwa Madam na kila mtu, hata na mfagiaji.

Daktari Kibiwott alikuwa mtu wa Saboti, mrefu, mpole, aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingoni hata wakati wa jua kali. Makala zake kuhusu huzuni zilitoka katika majarida ya nchi za mbali. Mtu mwenye huzuni alimfahamu vizuri sana, mradi awe amejaza hojaji, ile karatasi ya maswali ya kuwekea alama. Mtu mwenye huzuni aliyekaa mbele yake bila karatasi alikuwa hajakutana naye kwa miaka mingi, wala hakumtafuta.

Yeye na Wilkista walikuwa na ofisi moja na chupa moja ya chai, na salamu zao zilikuwa hivi:

"Habari ya wagonjwa, Madam?"

"Wapo, Daktari. Wana majina. Habari ya asilimia?"

"Zimepanda kidogo."

"Pole."

Wanafunzi nao waligawanyika. Kulikuwa na watu wa namba na watu wa kiti. Watu wa namba walimfuata Kibiwott na kusema kwamba kumsikiliza mtu bila kupima ni udaku wenye shahada. Watu wa kiti walimfuata Madam na kusema kwamba takwimu ziligunduliwa na mtu aliyeogopa watu. Wilkista alikuwa amelisema hilo mwenyewe darasani, kwa sauti.

Mambo yalikuwa hivyo hadi Agosti ya mwaka wa tisa wa Madam pale chuoni, Daktari Emmy alipoita kikao. Alikuwa mama mwenye haraka, mzungumzaji wa kusimama.

"Makao makuu wamesema hivi. Kila mwalimu wa kuajiriwa kwa mkataba awe na utafiti wake mwenyewe, ausome mbele ya jopo mwezi wa kumi na mbili. Asiye na utafiti, mkataba wake unaishia hapo. Madam, naangalia wewe, na si kwa ubaya."

"Kwani Kibiwott haangaliwi?"

"Kibiwott ana makala mpaka ananiazima rafu."

"Na je, kuna jopo la kuuliza kama mwalimu amewahi kumwona mgonjwa?"

"Hilo halijaundwa," alisema Daktari Emmy, akaenda kwenye kikao kingine.

Wilkista alijimiminia chai akiwaza. Kazi ya Bungoma ingebaki, hiyo haikuwa ya chuo. Lakini kufundisha ndiko alikokupenda kuliko vyote. Alipenda yule kijana anayeingia akiwa hawezi kukaa na mtu anayelia bila kumpa ushauri, akatoka anaweza. Akiondoka, nani atawafundisha hilo? Alimtazama Kibiwott, ambaye alikuwa anapanga kalamu kwa urefu.

"Daktari, utanisaidia?"

"Nitafurahi, Madam. Una swali gani la utafiti?"

"Sina swali. Nina majibu ya miaka."

"Hayo ndiyo hayaruhusiwi."

"Basi nipe swali wewe."

Kibiwott alifikiri. "Wateja wako wanapona?"

"Wanapona."

"Unajuaje?"

"Wananiletea kuku."

Kibiwott aliweka kalamu chini. Aliuliza, na aliuliza kwa heshima, kama hao kuku wanaweza kuthibitishwa.

"Njoo Kanduyi. Ushahidi wangu unawika kila asubuhi."

"Na wale wasioleta?"

Hapo uso wa Wilkista ulibadilika kidogo. Kwa kila aliyeleta kuku, kulikuwa na mwingine aliyekuja mara chache akapotea bila kuaga. Hao aliwabeba moyoni. Aliwaombea kanisani, bila kuwataja. "Hao walinishinda," alisema.

"Basi swali tunalo," Kibiwott alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alifungua kifungo cha shingo. "Tuwaendee wote nyumbani, wa kuku na wasio wa kuku. Tuulize wako aje."

Wilkista alikubali mara moja. Alikuwa na hakika ya kushinda, na mtu mwenye hakika haogopi kutembea.

Kwanza waliomba ruhusa kwa simu, mmoja mmoja, na wengi walikubali. Wakaanza na Sirisia, kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Joan. Huyu alikuja kwa Wilkista baada ya kufiwa na mtoto, akaja tena mara chache, akapotea. Hakuacha hata shukrani. Wilkista alikuwa ameandaa maneno ya kumwomba msamaha.

Walimkuta barazani, mguu kwenye cherehani, anacheka na mteja wake kuhusu kola.

"Madam! Uwii, si ni wewe! Karibuni, kaeni, hapana hapo, hapo kuna pini."

"Joan, mama, uliacha kuja."

"Si nilipona."

"Ulipona?"

"Sasa mtu akipona si anaenda kupalilia? Ilikuwa msimu. Kulikuwa na siku niliamka nikaona nimekumbuka mtoto wangu na sijalia, nikasema ala, kumbe Madam amefanya kazi. Nikachukua jembe." Alisimamisha cherehani. "Ati ulikuwa unanifikiria?"

"Kidogo," alisema Wilkista, ambaye alikuwa amemfungia mfungo mzima wa Kwaresima.

Kibiwott aliandika alama yake. Wilkista alitoka pale amefurahi hata akamnunulia Kibiwott ndizi. "Umeona, Daktari? Hata walionipotea wamepona. Subiri sasa ukutane na wa kuku!"

Wa kuku wa kwanza alikuwa Mzee Sifuna wa Tongaren. Nasema Tongaren lakini ni ndani zaidi, kwenye mashamba ya skimu ya makazi, na mwezi ule wa kumi mahindi yalikuwa yamekauka shambani yakingoja kukatwa. Mzee Sifuna alivamiwa na wezi wa ng'ombe. Walivunja mlango akiwa amelala. Hawakumpiga, walimsimamia tu kitandani na panga huku wenzao wanafungua zizi, na tangu siku hiyo usingizi ulimkataa. Wilkista alikaa naye majuma mengi. Mwishoni mzee alileta jogoo mkubwa mwekundu, na Mzee Mukhisa ilibidi apanue mlango wa banda.

Mzee Sifuna aliwapokea kama wakwe. Alivaa koti. Aliita mke wake, akaita chai, akaita kiti cha mgongo kwa ajili ya Madam.

"Mayi, mama yangu, umefika! Huyu mama," alimwambia Kibiwott, "ni mtu wa maana sana. Andika hiyo kwanza."

Kibiwott alitoa hojaji akaanza kusoma. Usingizi? Mzuri kabisa. Chakula? Nakula mpaka bibi analalamika. Hofu? Hofu ya nini, bwana, mimi mtu mzima. Kila jibu lilikuwa safi, na Wilkista aliitikia kwa kichwa kama mzazi siku ya kufunga shule.

Kisha mke wa Mzee Sifuna alikuja kumchukua Wilkista aone jikoni na bustani ya mboga. Ndivyo ilivyo kule. Mgeni wa kike hawezi kukaa sebuleni na wanaume mpaka mwisho, mama mwenye nyumba atajiona amenyimwa. Wakabaki wanaume wawili na chai.

Kibiwott alikuwa amemaliza maswali yake. Lilibaki moja ambalo halikuwa kwenye karatasi, akaliuliza kwa sababu ya ukimya. "Mzee, ile kuku, ulipeleka kwa nini?"

Mzee Sifuna alitazama mlango wa jikoni.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Saboti."

"Basi utaelewa. Sasa mtu amekupa masikio yake, wiki kwa wiki, na hujasaidika. Utamwambia aje? Umwambie mama wa watu, hii kazi yako haijaingia kwangu? Hiyo ni matusi. Unapeleka kuku, mnaachana vizuri."

"Kwa hivyo usingizi..."

"Nalala kwa hicho kiti umekalia. Nikiangalia mlango."

Kibiwott alitaka kusimama ampishe kile kiti, akaona si wakati. Alitafuta la kusema. Vitabu vyote alivyosoma vilikuwa kichwani na hakuna hata kimoja kilichojitolea. Basi akanyamaza, akishika kikombe, na Mzee Sifuna, kuona anasikilizwa, akaendelea.

"Pale kwa Madam nilikuwa nakaa mgongo kwa mlango. Halafu ananiambia, mzee, funga macho, vuta pumzi, enda mahali unasikia salama. Nafunga macho. Lakini bwana, mimi nasikiza mlango! Kila mtu akipita huko nje nasikiza viatu. Nikitoka hapo nimechoka kuliko nikipalilia ekari."

"Hukumwambia?"

"Alikuwa ameniwekea kiti niangalie mti. Alikuwa anajivunia huo mti."

Alisema mengi zaidi, na chai ya Kibiwott ikapoa mkononi mwake. Mwisho Kibiwott aliuliza kama anaweza kumwambia Madam.

"Mwambie wewe. Mimi siwezi, mimi nilishapeana kuku."

Kibiwott alimwambia wakiwa Kamukuywa, kwenye hoteli, mbele ya maandazi. Alimwambia bila kupamba, kwa sababu hakujua kupamba. Wilkista alimsikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza wateja, kichwa kimeinama kidogo upande.

"Huyo ni mmoja," alisema.

"Ni mmoja," Kibiwott alikubali.

"Mmoja si kitu. Si wewe mwenyewe unasema?"

"Ndiyo maana lazima twende kwa wengine, Madam."

Wakaenda kwa wengine. Nisiwapeleke kila boma, mtachoka. Niwapeleke kwa Khairunisa tu, mama mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti pale Bungoma mjini, mtu wa maneno ya wazi, ambaye kuku wake alikuwa mweupe na akaitwa Msikitini. Alipoulizwa alicheka akaziba mdomo kwa mtandio.

"Madam, nisamehe. Mimi nilitaka kuacha tangu siku ya pili. Mume wangu akasema usiache hivyohivyo, ni mama mzuri, peleka kitu."

"Lakini nilikusaidia hata kidogo?"

"Unajua nilikuja na shida ya mama mkwe. Nikikwambia nimechoka, unaniambia, 'Unajisikia umechoka.' Nikikwambia nina hasira, unaniambia, 'Naona kuna hasira.' Nikasema wallahi, hii naweza kufanya na ukuta."

"Ilikuwa ni mbinu," alisema Wilkista kwa sauti ndogo.

"Ukuta nao una mbinu. Lakini huo hautaki nauli." Akamshika mkono. "Usikasirike, mamangu. Chukua hii lesso."

Wilkista alianza kunyoosha mkono aipokee, akausimamisha hewani. Alikuwa ameanza kuogopa zawadi.

Kufikia katikati ya Novemba picha ilikuwa imekaa, na Kibiwott aliihesabu mara mbili kwa matumaini kwamba amekosea. Hakukosea. Wengi wa waliopotea bila kuaga walikuwa wazima, wanapalilia, wanashona, wameshasahau hata njia ya zahanati. Na wengi wa walioleta kuku walikuwa bado wanaumwa. Kuku hakuwa hati ya kupona. Alikuwa namna ya heshima ya kukimbia.

Jioni hiyo Wilkista alimkuta mumewe anamwaga mtama bandani. Akamweleza, bila jina la mtu.

"Kwa hivyo hawa wote..." alisema Mzee Mukhisa.

"Si wote. Wengi."

Mzee aliwatazama kuku, nao wakaendelea kudonoa, hawakuona aibu. "Na Chwele?"

"Chwele pia."

"Chwele anataga kila siku," alisema mzee, kama anayemtetea. Halafu akaona mke wake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na uso ameuficha kwenye mikono. Akaweka mtama chini, akapindua ndoo nyingine, akakaa naye.

Asubuhi iliyofuata Wilkista alikwenda kazini Bungoma, akakigeuza kiti cha mteja. Sasa kilitazama mlango na kuupa mgongo ule mti.

Makala aliiandika yeye mwenyewe, Kibiwott akimsaidia na majedwali. Alipoimaliza alimpelekea mkuu wa idara. Daktari Emmy aliisoma akiwa amesimama, halafu, jambo ambalo halikuwa la kawaida, akakaa.

"Madam, umeandika kwamba umeshindwa."

"Kwa walioleta kuku, ndiyo."

"Unajua jopo watauliza nini? Watauliza, kwa nini tumwachie huyu wanafunzi." Akasogea karibu. "Sikiza, dada yangu. Hapa kuna habari mbili. Kuna wale waliopotea, na wamepona. Hiyo ni habari nzuri, na ni ya kweli. Soma hiyo peke yake. Kuku waache Kanduyi. Utakuwa umedanganya nani?"

Wilkista alimgeukia Kibiwott. Alitarajia mtu wa namba apige meza.

"Ukiwaondoa kuku, makala inasimama," alisema Kibiwott. "Itapita vizuri. Nimesoma nyingi za namna hiyo."

"Kweli?"

"Moja niliiandika mimi."

Kule chini mtu alikuwa anabishana na mwenye duka kuhusu mbegu ya mahindi isiyoota.

"Na kazi yangu inabaki," alisema Wilkista.

"Inabaki," alisema Daktari Emmy.

"Na wale vijana darasani nawaambia nini? Watatoka hapa, waende Kapsokwony, waende Lodwar, kila mmoja apewe mbuzi au kuku na mtu ambaye hajapona. Naye aseme, mimi ni mtaalamu, Madam alinifundisha." Alichukua makala yake. "Nitaisoma na kuku wake."

"Basi," alisema Daktari Emmy. "Nitakaa karibu na mlango."

Jopo lilikuja Kitale juma la pili la Desemba, watu watatu kutoka makao makuu, wakiongozwa na Profesa Adow, mzee mwembamba aliyesikiliza macho yakiwa yamefumbwa hivi kwamba haikujulikana kama amelala. Wilkista alisoma. Alisoma habari ya waliopotea, akasoma habari ya kuku. Alieleza kiti, akaeleza mti, akaeleza kuhusu kuwarudishia watu maneno yao. Hakuna jina hata moja alilotaja. Alipomaliza, mmoja wa wajumbe aliinua mkono.

"Nieleweshe. Unatuambia kwamba kwa miaka yote hiyo ulikuwa unahesabu vibaya?"

"Sikuwa nahesabu kabisa, mheshimiwa. Nilikuwa nafuga."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mjumbe mwingine aliuliza kuku walikuwa wa kienyeji au wa kisasa. Akajibiwa wa kienyeji, akaandika.

Profesa Adow alifumbua macho. "Baada ya kujua haya, ulifanya nini?"

"Niligeuza kiti. Na mteja akisema amechoka, siku hizi namuuliza amechoshwa na nini. Kisha nikawaita waliokuwa tayari kurudi."

"Wamerudi?"

"Wachache. Kuna mzee mmoja anakuja kila Jumanne."

"Amepona?"

"Bado. Juzi alisinzia kwenye kiti, hapo mbele yangu. Nilimwacha."

"Ameleta kuku?"

"Hajaleta, Profesa."

"Hiyo ni dalili nzuri," alisema Profesa Adow, na hakuna aliyejua kama alitania.

Wakamtoa nje. Wilkista alisimama kwenye varanda inayotazama barabara, mkoba mikononi, na Kibiwott akasimama naye. Kibiwott alitaka kumwambia jambo la kumtia moyo. Badala yake alimshikia mkoba. Walikaa hivyo muda mrefu, wakitazama watu wakipakia magunia ya mbolea kwenye mkokoteni, mpaka mlango ukafunguka na Daktari Emmy akatoka upesi kama kawaida yake.

"Umebaki."

Wilkista aliegemea ukuta.

"Lakini si kwa somo lako. Wanasema mtu ambaye karibu nusu ya wateja wake walimkimbia kwa adabu asifundishe ushauri kwanza. Wanataka ufundishe utafiti."

"Mimi?"

"Profesa amesema kwa miaka yake yote hajaona mwalimu anayekwenda kumtafuta mgonjwa aliyemwacha, akamuuliza kwa nini. Amesema hilo haliko kwenye silabasi, na liwekwe."

"Na ushauri atafundisha nani?"

Daktari Emmy alimtazama tu Kibiwott, ambaye polepole alifunga kifungo cha shingo.

"Mimi sijaona mgonjwa tangu..."

"Uliona mmoja Tongaren. Madam ameandika ukurasa wa nane. Ati ulikaa na mtu akakwambia lile alilomficha mtaalamu. Jopo wamependa sana."

"Sikufanya chochote! Nilikuwa sijui la kusema!"

"Utawafundisha hilo," alisema Daktari Emmy, akaenda zake.

Mwezi wa kwanza, chuo kilipofungua, Wilkista aliingia kwenye darasa la utafiti. Watu wa namba walikuwa wamekaa mbele, kalamu tayari, na nyuso zao zilionyesha kwamba wamenyang'anywa kitu. Watu wa kiti walijazana nyuma, wakiona kwamba sasa watapumzika. Wote walikuwa wameshaanza mazoezi ya kuona wateja, hapa na pale, katika zahanati na makanisa. Kijana mmoja wa mbele, Kemboi, hakuweza kuvumilia.

"Madam, tunaanza na wastani au tunaanza na sampuli?"

"Tunaanza na nyinyi," alisema Wilkista, akaweka mkoba juu ya meza. "Nani hapa ana mteja aliyeacha kuja, na hajui kwa nini?"

Watu walitazama madaftari. Kule nyuma Sellah, aliyekuwa bora kuliko wote katika darasa lake la zamani, aliinua mkono nusu, akaushusha. Wilkista alivuta kiti akakaa. Alikuwa na saa mbili nzima, na hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Sellah akauinua tena, mpaka juu. Baada yake Kemboi. Halafu mikono ikaendelea kuinuka, mmoja huku na mmoja kule, mpaka ikawa rahisi zaidi kuwaona wale ambao hawakuinua.

"Vizuri," alisema Wilkista. "Hao ndio tutakaokwenda kuwatafuta. Sellah, wako anaishi wapi?"